Springi za Watu Wawili

Kila mwaka, asubuhi ya safari, Dobi alitoka nyumbani na helmeti mbili. Moja aliivaa. Ya pili, ndogo, nyekundu, yenye mkwaruzo mrefu upande wa sikio la kushoto, aliifunga kwa mpira juu ya kiti cha nyuma, mahali ambapo mtu angekaa. Wenzake walikwisha kuzoea. Mara ya kwanza walimcheka, mara ya pili wakamtania kwa sauti ya chini, na tangu hapo wakawa wanaipita kwa macho kama watu wanavyoipita picha ya marehemu ukutani. Ingawa mwenye helmeti hiyo hakuwa marehemu hata kidogo. Alikuwa mzima wa afya, amesimama kwenye mlango wa duka, kikombe cha chai mkononi, akiwatazama.

"Shemeji, panda twende!" Kinyozi alimpigia kelele kutoka barabarani, pikipiki yake ikinguruma chini ya tumbo lake. "Huyu mzee unamwachia nani? Huko tuendako wamejaa wanawake wanaotafuta mwanamume anayejua kupiga pasi."

"Wapelekee wamjaribu," mke wa Dobi alijibu. "Ila uwaambie mapema: anafua nguo za dunia nzima, soksi zake mwenyewe hafui."

Kinyozi alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Hata Spana, fundi wa pikipiki, ambaye kicheko chake kilikuwa adimu kama maziwa ya kuku, alionekana kutabasamu ndani ya helmeti yake. Dobi naye alicheka, kwa sababu ilimpasa kucheka. Kisha akamtazama mkewe kwa jicho la pembeni, akingoja, kama alivyongoja kila mwaka, kwamba pengine leo kikombe kile kitawekwa chini.

"Nenda tu, baba watoto," mkewe alisema. "Mimi nitashika duka."

Nenda tu. Maneno mawili, mepesi, hayana kosa lolote. Dobi alikuwa ameyageuza kichwani kwa miaka kadhaa kama shati linalogeuzwa ndani nje kutafutwa doa, na doa hakuliona. Hayakuwa na hasira. Hayakuwa na kejeli. Laiti yangekuwa na chochote kati ya hivyo, angepata pa kushika.

Akawasha pikipiki, akainua mkono, wakaondoka watatu.

*

Duka la Dobi lilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogeuka nyumba kadiri ulivyozidi kuingia ndani. Mbele palikuwa na kaunta na kengele ndogo ambayo hakuna mteja aliyeigusa, kwa sababu wote walipendelea kuita "Dobi we!" kama wamepotea msituni. Nyuma ya kaunta nguo zilining'inia kwenye viango safu kwa safu: suti, magauni, sare za hoteli, mashati ya watu wa ofisini. Nyuma ya nguo palikuwa na meza ya pasi na mvuke wake. Nyuma ya mvuke, mlango. Nyuma ya mlango, sebule, chumba cha kulala, jiko, na mwishowe ua wenye kamba za nguo ambamo pikipiki ililala chini ya turubai. Watoto wao wawili walikulia humo, wakapata kazi katika miji mingine, na siku hizi walikuja kama wageni: wakiwa na zawadi na wakitazama saa.

Mkewe alikuwa mkunga katika zahanati ya mtaa wa pili. Alikuwa na mikono mifupi, yenye nguvu, iliyojua kusoma bila kuambiwa. Alimwekea mjamzito kiganja tumboni, akatulia kidogo, kisha akasema, "Huyu amelala kichwa juu, lakini ana muda wa kugeuka," na mtoto akageuka kweli. Katika mambo ya nyumbani alikuwa vivyo hivyo: hakuuliza sana. Aligusa, akajua, basi. Na akishajua, hakurudia kugusa mara ya pili.

Pikipiki waliinunua kabla ya mtoto wa kwanza, ikiwa tayari imechakaa kwa mtu mwingine. Walipokwenda kuichukua, Spana, ambaye wakati huo bado alikuwa na nywele kichwani, alizikaza springi za nyuma kwa kuizungusha pete ya chuma iliyo chini yake hadi pengo la mwisho. Akawaeleza kwamba springi ikilegezwa humfaa mtu mmoja, hupokea mashimo ya barabara taratibu. Watu wawili wakiipanda hivyo, inadidimia, inagonga chini, na aliye nyuma ndiye anayeumia. "Kwa hiyo nimewawekea za watu wawili," alisema. "Ukiwa peke yako, Dobi, itakurusharusha kidogo. Vumilia."

Dobi alivumilia. Siku za juma alipopeleka nguo za wateja peke yake, pikipiki ilimtikisa kama ungo unaopepeta, lakini kutikiswa huko kulikuwa na utamu wake: kulimkumbusha kwamba kuna mtu hayupo, na kwamba atakuwepo.

Na siku za safari alikuwepo. Waendesha pikipiki wa miji yote ya karibu walikutana mara moja kwa mwaka katika kiwanja cha zamani cha ndege ndogo, juu milimani, ambapo hakuna ndege iliyotua tena na majani yameota kwenye nyufa za lami. Njia ya kwenda huko ilikuwa ya kona tupu. Mke wa Dobi hakumshika kiunoni kama wengine wanavyoshikwa; aliingiza ngumi moja kwenye mfuko wa koti lake, akaiacha humo safari nzima. Kona ilipokuja, alianza kuegemea yeye, nukta moja kabla ya Dobi, kana kwamba ameiona kwa macho ya mumewe kabla mumewe hajaiona. Dobi hakuwahi kumwambia mtu yeyote, lakini alikuwa akiendesha kwa kuusikiliza mgongo wake.

Ndiyo maana walikuwa mabingwa wa mbio za kobe. Mashindano haya yalifanyika jioni ya siku ya kwanza, kwa watu wawili wawili, kwenye njia nyembamba iliyochorwa chokaa, na sheria yake ilikuwa kinyume cha kila kitu ambacho pikipiki iliundwa kufanya: anayefika wa mwisho ndiye mshindi. Anayegusa chini kwa mguu ametoka. Vijana wenye pikipiki kubwa walianguka mmoja mmoja kama maembe mabivu, wakitukana, ilhali Dobi na mkewe walisogea kwa mwendo wa kivuli cha ukuta, yeye akicheza na klachi, mkewe akihamisha uzito wake kidogo tu, huku na huku, bila kuambiwa. Kikombe cha bati cha ushindi kilikaa rafuni kwa miaka mingi na kutumika kuwekea vifungo vya nguo.

Kisha ukaja mwaka ule.

Siku moja kabla ya safari Dobi alikuwa ameitoa pikipiki kwa Spana, ikiwa na breki mpya alizokuwa amezisubiri. Asubuhi ile aliifuta uani hadi ikametameta. Mkewe akatoka na mkoba wake, helmeti nyekundu kichwani, akapanda, akaketi. Akaingiza ngumi mfukoni. Kisha akatulia, kama anavyotulia akiwa ameweka kiganja tumboni mwa mtu.

"Umeipeleka kwa Spana?" aliuliza.

"Jana," Dobi alijibu kwa furaha, akifikiria breki zake. "Kaitengeneza kama nilivyomwagiza."

Ngumi ikatoka mfukoni. Mkewe akashuka, akavua helmeti, akaitundika kwenye msumari wa ukutani karibu na kamba za nguo.

"Nimekumbuka, nina zamu," alisema. "Nenda tu, baba watoto."

Hakupanda tena. Si mwaka ule, si baada yake, si hata kupelekwa zahanati siku ya mvua. Na Dobi, mtu ambaye angeweza kumuuliza waziri doa la suti yake limetokana na nini, hakumuuliza mkewe. Alijichunguza mwenyewe badala yake. Alifikiri ni kukoroma kwake. Alifikiri ni harufu ya dawa za madoa ambayo haikuwa ikimtoka tena hata akioga mara mbili. Aliwaza juu ya mteja mmoja mwanamke aliyekuwa akicheka kwa sauti kubwa pale kaunta, akawaza kama naye alicheka kupita kiasi. Mwishowe akafikia jibu lililokuwa likimngoja tangu mwanzo: kwamba mtu huchoka. Hamna kosa, hamna ugomvi. Mtu anachoka tu kukaa nyuma ya mgongo uleule. Jibu hilo lilimuuma, lakini lilikuwa na faida moja, kwamba halikuhitaji kuulizwa.

*

Mnyororo wa pikipiki ya Kinyozi ulikatika mahali pabaya kuliko pote, palipoanzia mlima. Ulikatika kwa mlio kama wa bati linalopasuliwa, ukajiviringisha kwenye gurudumu la nyuma, na Kinyozi akaingia majanini akiwa amekaa wima, mwenye heshima zake, kama bwana harusi aliyekosea njia.

Hakuumia. Walipomkuta alikuwa tayari anazungumza.

"Nilisema au sikusema? Nilisema mnyororo huu unalia."

"Ulisema redio yako inalia," Spana alijibu, akiwa amekwisha kupiga magoti. Alitazama, akachomoa kipande cha chuma kilichokuwa zamani na meno. "Hapa hamna la kufanya. Siyo mnyororo tu, na gia ya nyuma imekwisha. Wewe unaendesha kibogoyo."

Waliisukuma hadi kwenye kibanda cha mziba pancha, ambaye alikubali kuilaza hapo mpaka kesho yake. Kisha wakatazamana. Nyuma ya pikipiki ya Spana palikuwa na sanduku la vifaa lililofungwa kwa bolti, hapakai mtu. Macho ya wote watatu yakaenda mahali pamoja, kwenye kiti cha nyuma cha Dobi, kwenye helmeti nyekundu.

"Naweza kurudi nyumbani kwa lori," Kinyozi alisema, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusema jambo kwa sauti ndogo.

"Acha upuuzi," Dobi alisema. Akaufungua mpira, akaitoa helmeti, akaining'iniza kwenye mkono wake wa kushoto. Kinyozi alikuwa na helmeti yake. Hiyo ilikuwa ahueni. "Panda."

Kinyozi akapanda. Pikipiki ikashuka kama kitanda cha kamba zilizolegea. Gurudumu la nyuma likakwaruza bati la matope, krrr, na Dobi akahisi pua ya pikipiki ikiinuka mbele yake kuelekea mawinguni.

"Pungua kidogo kabla hatujaondoka," alisema.

"Huu si unene, ni mtaji. Nani atanyolewa na kinyozi mwenye njaa?"

"Shukeni, shukeni," Spana alisema, akifungua sanduku lake. "Ngoja nizikaze hizo springi. Nilizilegeza, sasa mtu mzito hivi zitamwua."

Dobi alibaki amesimama na mguu mmoja hewani. "Ulizilegeza lini?"

"Lini..." Spana alikuwa ameingiza chuma chake kilichopinda kwenye pengo la pete na kuivuta kwa nguvu. Springi ikalia. "Ulipoleta zile breki. Kumbuka ulikuwa unalalamika mgongo. Nikasema huyu siku zote yuko peke yake na mafurushi ya nguo, nimlegezee apumzike. Nikaziweka pengo la kwanza kabisa. Kwani hukuona inavyokubeba vizuri siku hizi?"

Aliona. Sasa alikumbuka kwamba aliona. Alidhani ni breki, alidhani ni barabara imetengenezwa, alidhani ni umri wake. Alikuwa na huzuni nyingine wakati ule, na mtu mwenye huzuni hashughuliki na raha ndogo zinatoka wapi.

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kazi yenyewe ni ya kukohoa mara moja." Spana aliinua kichwa, akaona uso wa Dobi. "Kuna nini?"

Mawazoni Dobi alikuwa uani kwake. Alikuwa asubuhi ile, mkewe akipanda nyuma yake baada ya miaka yote ile ya kujua kwa nyonga zake kile kiti kinavyompokea, na kiti kikadidimia chini yake. Mwanamke anayejua mtoto amelalaje kwa kuweka kiganja! Alikaa juu ya pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, akauliza swali moja tu, na mumewe akamjibu kwa tabasamu: kama nilivyomwagiza.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sasa lilimjia lenyewe. Mwaka mmoja kabla ya asubuhi ile, kiwanjani, baada ya mbio za kobe, wanaume walikuwa wamekaa wanakunywa chai na mtu mmoja akasema wake zetu ndio wanaochelewesha misafara. Mzigo ukipungua, pikipiki inapaa, alisema. Wote walicheka. Dobi alicheka. Mkewe alikuwa nyuma yao, anafunga mkoba.

"Kinyozi," alisema polepole, "yule aliyesema mzigo ukipungua pikipiki inapaa, alikuwa nani?"

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno elfu kwa siku, na elfu yote yalimkimbia.

"Mimi," alisema hatimaye. "Mimi na mdomo wangu. Lakini huo si utani wa miaka?"

"Ndiyo. Wa miaka."

Alipowaeleza, alieleza kwa sentensi chache, akitazama lami. Mziba pancha aliacha kupiga nyundo ili asikie vizuri. Spana alikuwa bado amepiga magoti, chuma mkononi, na akatazama zile springi kama mtu anayemtazama mbwa wake mwenyewe baada ya kusikia kwamba amemng'ata jirani.

"Kukohoa mara moja," alisema.

*

Wakapanda mlima. Springi zikiwa zimekazwa, pikipiki ilisimama sawa juu ya magurudumu yake, ikaingia konani imara kama zamani. Na Dobi, ambaye kwa miaka alikuwa amejiambia kwamba anachokitamani ni ujana, akagundua kwamba alichokuwa akikitamani ni hiki: uzito. Uzito wa mtu nyuma, unaoufanya mwendo uwe na maana. Lakini kila kona ilipokuja, mgongo wake ulisikiliza na hakuna kilichoanza kuegemea. Kinyozi alikaa wima kama gunia la saruji, akichelewa kila kona, akipiga kelele, "Taratibu, nina watoto!" Ilikuwa kama kusikia wimbo unaoujua ukiimbwa na mtu asiyejua maneno. Dobi alishukuru kwamba helmeti ina kioo na kioo kina giza.

Kiwanjani mahema yalikuwa yamekwisha kusimamishwa. Pikipiki zilipangwa kando ya lami kwa mistari, nyingine zikimetameta, nyingine zikiwa na matope ya heshima. Watu walikumbatiana wakiwa na helmeti vichwani, zikagongana kama mayai. Harufu ya petroli, ya majani yaliyokanyagwa, ya chai. Mwenye kipaza sauti alimtambua kutoka mbali.

"Huyo bingwa wetu wa kobe! Bingwa wa zamani! Na safari hii amekuja na bibi harusi mwenye ndevu!"

Kiwanja kizima kikacheka. Kinyozi akapunga mkono kama malkia. Mbele yao mtu mmoja alikuwa ameinama na ndoo, akichora mistari ya chokaa kwa ajili ya jioni, na chokaa ile ilikuwa nyeupe mno machoni mwa Dobi. Mume na mke wasiowajua walikuwa wakifanya mazoezi, mwanamke alimpiga mumewe begani, akamwambia, "Wewe sikiliza, usiniharakishe," naye akasema, "Si wewe unayetingishika!" Wakagusa chini. Wakalaumiana. Wakaanza tena.

Dobi aliwatazama mpaka wakaanguka mara ya tatu. Kisha akamgeukia Spana.

"Narudi nyumbani."

"Sasa hivi? Hujanywa hata chai."

"Utampakia Kinyozi kesho?"

"Nitaling'oa sanduku. Atakaa juu ya kichwa cha bolti, itamfundisha adabu." Spana alikuwa tayari anatafuta chuma chake kilichopinda. "Njoo basi nikulegezee. Peke yako, mteremko ule, na springi hizo, itakurusha mpaka uteme meno."

"Iache."

"Dobi..."

"Iache hivyo hivyo."

Kinyozi akamshika mkono. "Mwambie shemeji... Hapana, usimwambie. Nitakuja mwenyewe. Nitakuja nipige magoti pale kaunta, nipige na ile kengele yenu."

*

Ikamrusha. Kila shimo lilimpata mfupa kwa mfupa. Kila mtu aliyepata kuweka lami kwenye barabara ile, aliye hai na aliyekufa, alipata fungu lake la lawama. Dobi alishuka mlima akitetemeka kama mtu mwenye homa, na kila alipotetemeshwa alisikia kitu kama faraja, maana hivi ndivyo ilivyokuwa zamani alipokuwa peke yake na hakuwa peke yake. Njiani alitunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye mwanzo na mwisho. Alipofika kwenye mtaa wake, ilikuwa imebaki mwanzo tu. Alipofika mlangoni, hata huo ulikuwa umeanguka.

Mkewe alikuwa kwenye meza ya pasi, ndani ya mvuke, shati jeupe la mtu mbele yake. Aliinua macho.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mbona umerudi leo?"

"Njoo uani mara moja."

"Nina pasi ya moto, baba watoto."

"Izime."

Hakuzoea kuamriwa, na pengine ndiyo sababu aliizima. Alimfuata hadi uani, akifuta mikono. Pikipiki ilikuwa chini ya kamba za nguo, bado inapumua joto, na mashati ya watu yalining'inia juu yake. Hotuba ya Dobi haikuja. Akaonyesha kiti kwa kidole, kama mtoto.

Mkewe alimtazama yeye, akakitazama kiti. Kisha akakiwekea kiganja, akakandamiza kwa uzito wa bega lake, akatulia.

Kiti hakikudidimia.

"Nani amezikaza?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya *nenda tu*.

"Spana. Leo. Ndiye aliyezilegeza pia, wakati ule wa breki, na hakusema. Mimi nilimwagiza breki, mama watoto. Breki tu. Nimejua leo."

Mkono wake ulibaki palepale juu ya kiti. Juu yao shati moja lilikuwa likidondosha maji.

"Leo," alisema. "Na miaka hii yote ulikuwa unafikiri nini?"

"Kwamba umenichoka."

"Na hukuuliza."

"Wewe uliuliza?"

"Niliuliza," alisema. "Ukanijibu." Akageuza uso kidogo. "Nilikaa pale zahanati siku nzima, sina zamu, wananishangaa. Nikasema, haya, mwanamume amechoka kubeba. Hata kusema ameona haya, amemtuma fundi. Nikasema sitamwaibisha."

Dobi alikuwa akifikiria milima, kona zile, mwaka mmoja baada ya mwingine akizipita na helmeti tupu. Na mkewe hapa akipiga pasi mashati ya watu. Na kati yao pete ya chuma isiyozidi upana wa kiganja. Miaka ile haitafuliwa ikarudi. Hilo alilijua, kazi yake ilikuwa imemfundisha: kuna doa linalotoka, na kuna lile unalomrudishia mwenye nguo ukimwambia, samahani, nimefika mwisho wa uwezo wangu.

"Panda," alisema.

"Nipande wapi? Goti langu hili si lile unalolijua. Miaka ya kuinama vitandani mwa watu." Aliguna. "Milimani hunifikishi tena, usijidanganye."

"Sikusema milimani."

Mkewe alifikiri. Kisha akaingia ndani, na Dobi akadhani basi. Lakini akarudi na kile kigoda cha kufikia viango vya juu, akakiweka kando ya pikipiki, akanyoosha mkono bila kumtazama. Dobi akampa helmeti nyekundu. Akapanda kigodani, akauinua mguu kwa mikono yake miwili kana kwamba ni wa mgonjwa, akaupitisha, akaketi. Springi zikampokea. Zikashuka kidogo, kiasi kile kile, zikasimama.

Ngumi ikaingia mfukoni mwa koti.

Wakatoka kupitia mlango wa ua hadi mtaani. Mtaa wao ulikuwa mfupi. Ungeweza kuumaliza kabla hujabadili gia ya pili. Dobi hakuingiza gia ya pili. Alishika klachi nusu, akaiachia, akaishika, na nyuma yake uzito ukahama kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kuambiwa. Magurudumu yalizunguka kama yanafikiri kwanza. Mwanamke mwenye ndoo kichwani aliwapita. Mzee mwenye mkongojo aliwapita, akageuka.

"Dobi! Imeharibika hiyo?"

"Haijaharibika, mzee."

"Sasa mbona hamfiki?"

Nyuma ya Dobi mkewe alianza kucheka. Aliuhisi mtikisiko huo mgongoni kabla hajausikia. Mwisho wa mtaa, pale penye ukuta wa zahanati, ulikuwa mbele yao, karibu mno. Kona ilikuwa inakuja. Akatega mgongo, akangoja.